Kosa Limfuate Dereva, Si Gari

Ninazungumza kutoka Namanyere, mkoani Rukwa. Mazungumzo ya leo yanawahusu madereva kuliko watu wengine wote. Nataka tumzungumzie dereva aliyefutiwa leseni kwa sababu amerudia makosa makubwa ya barabarani, akaonywa, akatozwa faini, akarudia tena.

Msimamo wangu nautaja mapema ili tusipotezane njiani. Dereva wa namna hiyo ni haki aondolewe barabarani, hata kama ni ndugu yetu, hata kama ana watoto wanaomtegemea. Lakini siridhiki na jinsi tunavyofika huko. Kwa sehemu kubwa faini zetu zinaifuata namba ya gari, na mtu aliyekuwa ameshika usukani anaweza kuondoka bila kuguswa, akapanda gari jingine kesho yake na kuendelea pale alipoishia. Ninachokidai leo ni kwamba kosa limfuate aliyelitenda, lihesabiwe kwa jina lake, na hesabu hiyo ikifika mahali fulani leseni iondoke, bila kujali gari ni la nani.

Tuanze na barabara yenyewe. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka safari ya Tunduma hadi Sumbawanga kabla ya lami, hasa masika, magari yakilala njiani kwenye tope na abiria wakishuka kusukuma. Kisha ikaja lami ya Tunduma, Laela hadi Sumbawanga, kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Upande wetu wa kaskazini ukafuata mradi wa Sumbawanga hadi Kanazi, kilomita 75, na Kanazi kupitia Kizi hadi Kibaoni, kilomita 76 na kitu. Leo mtu anatoka Namanyere asubuhi, anafanya shughuli zake Sumbawanga na kurudi jioni. Mahindi yetu yanafika sokoni, mgonjwa anafika hospitali ya mkoa, migebuka na dagaa wa Kirando wanafika mjini hawajaharibika. Hiyo ni neema, na tuliiomba kwa miaka mingi.

Ila tulipopata lami tulipata na mwendo, na tabia zetu za barabarani hazikubadilika kwa kasi hiyo hiyo. Barabara ya vumbi ilikuwa inamzuia dereva yenyewe, kwa mashimo na makorongo yake. Lami haimzuii mtu. Juu yake bado wanapita watoto wa shule wakiwa pembeni kabisa mwa barabara, ng'ombe wakienda majini, baiskeli zenye magunia ya mkaa, na mikokoteni ya ng'ombe inayorudi kutoka shambani jioni bila hata kipande cha kioo cha kuakisi mwanga. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Ufipa ikishika, asubuhi ukungu unaweza kukufichia kila kitu kilicho mbele.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 80 linapita mita 22. Kwa kilomita 110 linapita karibu mita 31. Dereva akimwona mtoto anaingia barabarani, ile sekunde ya kushtuka na kuupeleka mguu kwenye breki, gari limeshatembea mita zote hizo na breki haijaanza kushika. Na kishindo chenyewe hakiongezeki kwa kadiri ya mwendo tu: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga inazidi mara nne. Ndiyo maana Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, imeweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari makubwa yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Namba hizo zimewekwa kwa sababu mwili wa mwanadamu una mahali unapoishia kustahimili.

Baada ya kila msiba wa barabarani tunasikia watu wakisema ajali haina kinga. Ni neno la kufarijiana, na msibani lina mahali pake. Lakini likitoka msibani likaingia kwenye fikra zetu za kila siku linatudanganya. Chukua lori la Fuso lililojaa mahindi, linashuka mteremko wa kwenda ziwani au ule wa kuteremkia Bonde la Rukwa. Dereva anaweka fri, yaani anatoa gia, ili kuokoa dizeli. Gari linajiendea, injini hailizuii tena, kazi yote inabaki kwa breki. Breki zinapashwa moto kona baada ya kona mpaka zinakataa kushika. Baadaye taarifa itasema breki zilifeli. Ni kweli zilifeli, lakini zilifelishwa, na aliyezifelisha alikuwa na njia nyingine: kupunguza mwendo kabla ya mteremko kuanza, kuingiza gia nzito na kushuka nayo mpaka chini. Jambo hili kila dereva wa lori analijua. Kinga ilikuwepo.

Na huyo aliyeweka fri leo, mara nyingi ameshaweka fri siku nyingine nyingi akafika salama. Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. Mazoea yana taabu. Dereva anayeovateki kwenye kona akafanikiwa, kesho anaona kona haina hatari. Anayekunywa chupa mbili kisha akaendesha hadi nyumbani bila tatizo, anaamini kwamba yeye pombe haimwathiri. Sheria yetu imeweka mpaka wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na mpaka huo hauulizi kama mtu amezoea. Bodaboda anayepakia mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma yake na mtoto mbele juu ya tangi, ameshawapeleka wengi namna hiyo. Kosa moja linaweza kuwa bahati mbaya, au haraka ya siku moja. Kosa kubwa lile lile likirudiwa na mtu yule yule linatuambia kitu kuhusu anavyowatazama wenzake barabarani. Amefanya uamuzi, na ameufanya kwa niaba ya abiria ambao hakuwauliza.

Leseni ni nini basi? Nadhani wengi wetu tunaichukulia kama kitu tulichonunua. Tunalipa shilingi 70,000, tunapewa kadi ya miaka mitano, tunaiweka kwenye pochi, imekuwa yetu. Lakini tazama jinsi inavyopatikana. Mamlaka ya Mapato Tanzania ndiyo inayoitoa, ila haitoi mpaka Jeshi la Polisi lithibitishe kwamba mtu huyu amepimwa na anaweza. Halafu leseni inatofautisha madaraja. Daraja D linamruhusu mtu kuendesha gari dogo la binafsi. Anayetaka kubeba abiria kwa malipo anahitaji daraja C na vipengele vyake, kulingana na idadi ya watu atakaowabeba. Kwa nini tofauti hiyo? Kwa sababu jamii inasema: kabla hatujakukabidhi roho za watu, tunataka uthibitisho zaidi. Leseni ni uthibitisho tunaopewa sisi abiria na watembea kwa miguu kwamba mtu huyu anaaminika. Akionyesha kwa matendo yake kwamba haaminiki tena, uthibitisho unakuwa wa uongo, na kuuacha mfukoni mwake ni kuwadanganya wanaopanda gari lake.

Sheria imelijua hilo tangu mwanzo. Hakimu anayemtia dereva hatiani anayo mamlaka, pamoja na faini au kifungo, kuisimamisha leseni yake kwa muda, au kuifuta na kumzuia asipate nyingine kwa kipindi atakachoamuru. Na mara kwa mara tunawasikia makamanda wa polisi mikoani wakitangaza kufungia leseni za madereva wa mabasi kwa miezi kadhaa, kwa mwendo kasi au kwa kuovateki mahali pasiporuhusiwa. Kwa hiyo hatua yenyewe si ngeni kwetu. Tatizo langu ni kwamba inakuja kwa vishindo, baada ya ajali kubwa au operesheni, kisha inatulia. Dereva mzoefu anajua kusubiri upepo upite.

Katikati ya vishindo hivyo, kinachobaki ni faini. Kosa moja la gari ni shilingi 30,000. Kwa pikipiki na bajaji, tangu bajeti ya mwaka 2021, ni shilingi 10,000. Trafiki anaandika kwenye kimashine chake, namba ya malipo inatoka, inalipwa kwa simu. Mfumo huu umeleta unafuu mkubwa, maana fedha zinaingia serikalini na kumbukumbu zinabaki. Lakini angalia tunavyozungumza mitaani. Tunasema gari lina deni. Mtu akitaka kununua gari la mkononi, anaingiza namba ya gari kwenye mfumo aone linadaiwa nini. Tajiri, yaani mwenye gari, anaona deni, anafoka, analipa au anamkata dereva kwenye hesabu ya siku, na jambo limekwisha. Kwa dereva wa basi linalofanya safari ndefu, faini inakuwa kama gharama ya mafuta: ipo kwenye bajeti ya safari. Ukilipa elfu thelathini mara kumi umelipa laki tatu, na kwenye leseni yako hakuna kilichopungua.

Majirani zetu Waganda wametuonyesha ugumu wa njia hii. Juni 2025 Uganda ilianza kutumia kamera na mfumo wa kompyuta unaosoma namba ya gari na kumtumia mwenye gari faini papo hapo. Malalamiko yalikuwa makubwa, na baada ya siku chache serikali ikausitisha kwanza ili uangaliwe upya. Watu walilalamikia ukubwa wa faini na vikomo vya mwendo, lakini ndani yake kuna swali linalotuhusu sote: kamera imeliona gari, je, imemwona dereva? Mwenye gari aliyelala nyumbani kwake anaweza kulipa fedha. Hawezi kubadili tabia kwa niaba ya mtu mwingine.

Nchi nyingine zilishajibu swali hili kwa kuhesabu pointi juu ya leseni ya mtu. Uingereza, dereva akifikisha pointi 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida anazuiwa kuendesha kwa angalau miezi 6, na dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo leseni yake inafutwa, anaanza upya na mitihani yake yote. Ujerumani, tangu Mei 2014, pointi 8 zinatosha leseni kuondoka. Ufaransa walianza Julai 1992, na leo leseni ya kawaida ina pointi 12 zinazopungua kadiri dereva anavyokosea. Madereva wa malori wa Ufaransa walikasirika, wakafunga barabara kuu nchi nzima kwa malori yao, wakisema kwamba wao wanaoishi barabarani wataumia kuliko wengine. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini sheria ilibaki, na imebaki hadi leo, pamoja na mlango wa kurudi: dereva aliyepoteza pointi anaweza kuhudhuria mafunzo ya siku mbili na kurudishiwa hadi pointi 4.

Nimeutaja mlango huo kwa makusudi. Hapa nchini suala la pointi limejadiliwa kwa miaka mingi, na kila linapoibuka madereva wetu wanauliza maswali yale yale ya Wafaransa. Ni maswali ya haki, na nataka niyajibu, maana dereva anayeniuliza ni mtu ninayemheshimu.

La kwanza ni la tumbo. Dereva anasema: leseni yangu ndiyo jembe langu, ukininyang'anya umeninyima chakula cha wanangu. Ndugu yangu, nakuelewa. Sisi ni watu wa kilimo, tunajua jembe ni nini. Na kwa sababu hiyo sikubaliani na kumfutia mtu leseni moja kwa moja kwa kosa moja dogo, au kwa taa iliyoungua safarini. Ninazungumzia makosa yanayoua: mwendo kasi uliopitiliza, kuovateki kwenye kona na kwenye mlima, ulevi, kuzidisha abiria, kugonga mtu na kukimbia. Na ninazungumzia kuyarudia. Mtu aliyeonywa mara ya kwanza, akaadhibiwa mara ya pili, akarudia mara ya tatu, ameshapewa nafasi ya kulilinda jembe lake. Na abiria aliyekaa nyuma yake naye ana wanawe wanaosubiri chakula.

Swali la pili ni la uonevu. Dereva anasema: trafiki ataniandika kwa chuki, au ataniandika kwa sababu sikumpa kitu. Hili nalo ni zito. Hatuwezi kuweka riziki ya mtu mikononi mwa askari mmoja aliyesimama chini ya mti. Ndiyo maana kosa kubwa linalohesabiwa kwenye leseni lazima liwe na ushahidi: picha ya tochi ya kupimia mwendo yenye muda na mahali, kipimo cha pumzi kilichoandikwa, au hukumu ya mahakama. Dereva ajulishwe kwa maandishi anapoandikwa, ajue amebakiza nini, na awe na pa kukata rufaa kabla leseni haijaondoka. Anayestahili kufutiwa atafutiwa hata kwa utaratibu huo, na asiyestahili atalindwa nao.

Lakini rushwa ina upande wa pili ambao madereva hawautaji. Kila mara dereva anapotoa elfu tano au elfu kumi dirishani ili mambo yaishe, ananunua kusahauliwa. Kosa halikuandikwa popote. Siku atakapoua mtu, kumbukumbu zake zitakuwa safi kama za mtakatifu, na hakimu atamwona ni mkosaji wa mara ya kwanza. Askari aliyepokea ameshiriki kuficha hatari ambayo kesho inaweza kumfika mtoto wake mwenyewe akitoka shule. Kuhesabu makosa hakuna maana yoyote ikiwa daftari linafutwa kando ya barabara, na TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, wana kazi hapa sawa na trafiki.

Swali la tatu ni la tajiri. Dereva anasema: mimi sikimbii kwa kupenda, hesabu ndiyo inayonikimbiza. Anasema kweli. Dereva wa Noah au Hiace akipangiwa hesabu isiyofikika bila kupakia kupita kiasi na kukimbia, kosa limeanzia kwenye meza ya mwenye gari. Tarehe 6 Mei 2017, gari la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Mwenye shule alifikishwa mahakamani, na miongoni mwa aliyoshtakiwa ni kubeba abiria kupita idadi na kutoingia mkataba wa ajira na dereva. Mkataba, ndugu zangu. Dereva asiye na mkataba hana nguvu ya kumwambia bosi wake hapana, kwa sababu ataambiwa ashuke, na deiwaka, dereva asiye na gari la kudumu, yuko pale stendi anasubiri funguo. Kwa hiyo nasema: dereva anapofungiwa leseni kwa kurudia makosa akiwa na gari la mtu mmoja, leseni ya usafirishaji ya mwenye gari nayo ichunguzwe. Kumwadhibu dereva pekee ni kumwachia tajiri uhuru wa kutafuta mwingine wa kumkimbiza.

Nyenzo za kufanya haya tunazo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, kwa sheria yake ya mwaka 2019, ina jukumu la kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara na kuwasajili wahudumu wao. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, na dereva anapewa kitufe chake cha utambuzi anachokigusisha kabla ya kuanza safari, ili mfumo ujue ni nani anaendesha saa hiyo. Hicho hasa ndicho ninachokiomba: mwendo umeandikwa, na jina limeandikwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Basi linalopita Namanyere wakati sisi tumelala linahitaji dereva anayejulikana hata kama hakuna trafiki anayemwona. Kitufe hicho kisiazimwe, kisiachwe kwenye gari wakati mwenyewe amelala kiti cha nyuma na mwenzake asiyethibitishwa ameshika usukani. Na taarifa zinazokusanywa na LATRA na zile za polisi zikutane, zimhesabie mtu mmoja hesabu moja.

Sasa niwageukie watu wa huku kwetu hasa, kwa sababu ninajua wapo wanaosema moyoni: hayo ni ya mabasi ya lami. Huku Wampembe, huku Kirando, huku mabondeni, nani atauliza leseni? Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Dereva aliyefungiwa leseni Sumbawanga anaweza kuja kuendesha lori la mnadani kwenye barabara ya vumbi ambako trafiki hafiki kwa wiki. Na magari hayo ndiyo yanayobeba akina mama wafanyabiashara wakiwa juu ya magunia, wanashikilia kamba. Yakipinduka kwenye miteremko yetu, na yamepinduka, anayeanguka na mzigo halafu mzigo ukamwangukia hana bahati ya kupona. Kuzuiwa kuendesha kunakokoma mwisho wa lami kumetuacha sisi tulio mbali bila ulinzi wowote.

Kwa hiyo jina la aliyefungiwa lifike kijijini. Serikali ya kijiji ijulishwe, kituo kidogo cha polisi kijulishwe, wenye magari wa wilaya wapewe orodha wajue nani haruhusiwi kupewa funguo kwa sasa. Kwenye vijiwe vya bodaboda, mwenyekiti wa kijiwe anamjua kila kijana na mwendo wake. Vijana wengi wa bodaboda hawana leseni kabisa, na mtu ambaye hakuwahi kuwa na leseni hatishwi na kufutiwa leseni. Kwao hatua ya kwanza ni mafunzo na leseni ya daraja A, kijiwe kizima pamoja, mwalimu akiwafuata hapa hapa. Akishaipata kwa jasho lake ataogopa kuipoteza, na hapo hesabu ya makosa itaanza kuwa na maana kwake.

Tumalize na aliyefutiwa. Muda wake wa kuzuiwa usiwe wa kukaa kijiweni akihesabu miezi. Dereva aliyepoteza leseni kwa kurudia makosa arudi darasani, kwenye chuo cha VETA au Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam kinachowafundisha madereva wa abiria, na mafunzo hayo yasogezwe karibu, maana kutoka Namanyere hadi Dar es Salaam ni safari na gharama ambayo mtu asiye na kazi hawezi kuibeba. Apimwe macho. Apimwe kama pombe imemtawala, na ikiwa imemtawala atibiwe, kwa sababu ulevi uliokomaa ni ugonjwa. Kisha apimwe upya barabarani. Ninajua wapo madereva wazee katika mkoa huu waliokuwa moto wa kuotea mbali ujanani, na leo ndio wanaowafundisha vijana kushuka mlima kwa gia nzito. Watu hubadilika wakisimamishwa kwa wakati.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba barabara zinaua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali za barabarani. Umri huo ndio wa wanafunzi wetu, wa bodaboda wetu, wa kina mama vijana wanaopeleka samaki mnadani. Hatuwezi kuendelea kulipia vifo vyao elfu thelathini thelathini.

Ninawaomba wanaohusika na sheria waharakishe hesabu ya makosa juu ya leseni ya mtu, yenye ushahidi na yenye rufaa. Ninawaomba wenye magari muwape madereva wenu mikataba na hesabu inayofikika kwa mwendo halali. Nawe abiria, usimwambie dereva aongeze mwendo, na akiongeza mwenyewe mwambieni apunguze, gari zima kwa sauti moja; akikataa, piga 112 au ripoti kwenye kituo cha kwanza mtakachofika. Dereva aliyefungiwa leseni akimaliza muda wake, akasoma, akapimwa upya na kufaulu, tumpokee na tumpe gari. Akikutwa ameshika usukani kabla ya hapo, abiria wake wawe wa kwanza kushuka.